Mfumo Ulikubali Siku Kumi na Mbili, ya Kumi na Tatu Ukagoma

Maswali ya mishahara na ya mabosi wakali nimeyaweka kando mwezi huu, kwa sababu barua tatu zilizonifikia zinaumwa ugonjwa mmoja bila walioziandika kujuana: tarehe na saa kwenye hifadhidata. Wenye kazi hizi vuteni viti. Msio nazo kaeni pia, maana risiti zenu na miadi yenu ya hospitali huko ndiko zinakolala.

Wa kwanza ni mdogo wangu wa Morogoro, anayetunza mfumo wa malipo wa chama cha akiba na mikopo. Anasema mfumo mpya ulizinduliwa tarehe mosi Machi 2025, ukapokea malipo bila neno hadi tarehe 12, na asubuhi ya tarehe 13 ukakataa katakata. Karani akiandika 13/03/2025, hifadhidata yake, SQL Server, inajibu kwamba kugeuza maandishi kuwa datetime kumetoa thamani iliyo nje ya mipaka. Anauliza ni kitu gani kiliharibika usiku wa kuamkia tarehe 13.

Hakikuharibika kitu, mdogo wangu. Tarehe 13 ndiyo siku ya kwanza mfumo wako kusema kweli. Seva yako imewekwa kwa mazoea ya Kimarekani, mwezi unatangulia siku. Karani alipoandika 01/03/2025 akimaanisha tarehe mosi Machi, seva ilisoma tarehe 3 Januari, ikahifadhi, ikanyamaza. 02/03 ikawa tarehe 3 Februari. 03/03 ilipona kwa sababu ni ileile ukianzia upande wowote. 04/03 ikaenda Aprili, na mwendo ukawa huohuo mpaka 12/03 iliyotua tarehe 3 Desemba, siku ambayo ilikuwa haijafika. Ilipokuja 13/03, seva ikatafuta mwezi wa kumi na tatu, ikaukosa, ndipo ikapiga kelele. Fungua jedwali sasa hivi utakuta malipo ya Machi yametawanyika tarehe 3 ya kila mwezi, Januari hadi Desemba. Kuna mwanachama ambaye kwa vitabu vyako alilipa kabla mfumo haujazinduliwa, na mwingine ambaye malipo yake yatasubiri karibu na Krismasi ndipo yaonekane kwenye ripoti.

Piga hesabu ya mwaka mzima uone ukubwa wake. Tarehe ambazo siku yake ni kati ya 1 na 12 zipo 144 kwa mwaka. Kumi na mbili kati ya hizo, 01/01, 02/02 hadi 12/12, husomeka sawa kwa bahati tu. Zinabaki 132 zinazopinduliwa bila hifadhidata kusema lolote. Nyingine 221 hukataliwa kwa makelele. Watu huziogopa hizo 221 kwa kuwa zinasimamisha kazi na bosi anapiga simu. Mimi naogopa zile 132.

Huu ndio ugeuzaji wa kimyakimya. Umeipa hifadhidata maandishi mahali inapotaka tarehe, nayo badala ya kukuuliza imegeuza yenyewe, kwa kufuata mpangilio ulioachwa na yeyote aliyeisakinisha. Ni fundi cherehani anayekutazama mlangoni, akasema “nimeshakuona”, akaanza kukata kitambaa bila kupima. Ugeuzaji wa wazi ni wewe kutaja vipimo: haya ni maandishi, yafanye tarehe, na siku ndiyo inayotangulia. Kwenye SQL Server utaandika CONVERT(date, '13/03/2025', 103), na ile 103 ya mwishoni ndiyo inayosema siku, mwezi, mwaka kwa mkwaju katikati. Ungeweka 101 ungekuwa umesema mpangilio wa Kimarekani. Oracle na PostgreSQL wana TO_DATE unayoipa 'DD/MM/YYYY', MySQL ina STR_TO_DATE unayoipa '%d/%m/%Y'.

Hapo nitatia neno, kwa sababu nimewaona wengi wanateleza. Kuandika CAST('05/03/2025' AS date) si ugeuzaji wa wazi kama mnavyodhani. Umetaja aina unayoitaka, hukutaja mpangilio. Hifadhidata itarudi kulekule kwenye kukisia, tofauti ni kwamba safari hii wewe mwenyewe umetia saini. Ukimkuta mtu anajisifu kwamba kweri zake zote, yaani maswali anayoiuliza hifadhidata, zina CAST, mwulize: mpangilio uko wapi?

Sasa tutengeneze yaliyoharibika. Usikimbilie UPDATE. Najua kishawishi chake: DATEFROMPARTS inapindua siku na mwezi kwa mstari mmoja, unabonyeza, unaenda kunywa chai. Lakini fikiria alichofanya karani baada ya kugomewa. Makarani ni watu wa akili. Atakuwa amejaribu hiki na kile mpaka akagundua kwamba 03/13/2025 inapita, na kuanzia hapo anaanza na mwezi. Malipo yake ya tarehe mosi Aprili aliyaandika 04/01/2025 na seva ikayasoma sawasawa. Ukipindua jedwali zima, hayo unayapeleka tarehe 4 Januari kwa mkono wako mwenyewe. Kwa hiyo tafuta kwanza safu inayoonyesha mstari uliingizwa lini kwa saa ya seva yenyewe, ile ambayo haikupitia vidole vya mtu. Kama hamkuiweka, na wengi hamuiweki, tumia namba za risiti zinazofuatana au ujumbe wa malipo ya simu. Chagua tu mistari iliyoingia kati ya tarehe mosi na 12 Machi kupitia fomu ya karani, itazame kwa SELECT, ilinganishe na karatasi, chukua nakala ya jedwali, ndipo upindue.

Na kuna tiba moja nakukataza kwa nguvu zote, kwa kuwa najua utashauriwa. Mtu atakuambia: badilisha lugha ya akaunti ya seva iwe Kiingereza cha Uingereza, huko siku inatangulia, mambo yamekwisha. Kweli 13/03/2025 itapita. Lakini kwenye aina ya zamani ya datetime, lugha hiyo hubadilisha hata usomaji wa maandishi yanayoanza na mwaka. '2025-03-05', mpangilio ambao dunia nzima inaamini hauna utata, itasomwa mwaka, siku, mwezi, na utapata tarehe 3 Mei. Programu nyingine iliyokuwa ikituma tarehe safi kwa miaka itaanza kupotosha siku hiyohiyo uliyodhani umeponya. Aina mpya, date na datetime2, hazina tabia hiyo. Kwa datetime, andika tarakimu nane bila kistari, '20250305', ambazo SQL Server huzisoma kwa namna moja tu hata ukibadilisha lugha mara ngapi.

Ushauri wangu mwenyewe ni wa mlangoni. Tarehe igeuzwe mara moja tu, pale inapoingia kutoka mikononi mwa binadamu, na baada ya hapo isiwe maandishi tena mpaka inapotoka kwenda kuonyeshwa kwa binadamu mwingine. Kisanduku cha tarehe cha kivinjari tayari kinakusaidia: kinamwonyesha mtumiaji siku na mwezi kwa mazoea ya kifaa chake, lakini kwa programu yako hukabidhi mwaka, mwezi, siku. Kutoka kwenye programu kwenda kwenye hifadhidata, tuma parameta ya aina ya tarehe, usiunganishe vipande vya maandishi kwa alama ya kujumlisha. Unapata na faida ya pili: anayetaka kupenyeza kweri yake kupitia fomu yako anakosa mlango.

Barua ya pili imetoka Nairobi, kwa kijana anayefanya kazi na Oracle. Kweri yake ina sharti la tarehe kubwa kuliko '01-FEB-25'. Kwake inakwenda. Mwenzake aliyeko Lubumbashi akiiendesha ileile, kwenye hifadhidata ileile, anapata ORA-01843, kwamba huo si mwezi halali. Wanalaumiana kwenye simu kila siku.

Acheni kulaumiana. Kompyuta ya Lubumbashi imewekwa Kifaransa. Oracle ikigeuza maandishi kimyakimya hufuata mipangilio ya muunganisho, NLS kwa kifupi chake, na mipangilio hiyo huweza kuja na mashine ya anayeunganisha. Kwa Kifaransa hakuna mwezi unaoitwa FEB. Kumbe data ni moja, kweri ni moja, na jibu linategemea nani amekaa mbele ya kibodi. Andikeni DATE '2025-02-01', neno DATE likitangulia maandishi, na mashine zote mbili zitaelewa jambo moja. Au TO_DATE yenye namba tupu na mpangilio wake. Majina ya miezi yaacheni kwenye kalenda ya ukutani.

Lakini huyu kijana, katika kujitetea, amenibandikia kipande cha kazi yake, nami macho yakatua penye kitu ambacho hakuniuliza. Ameandika TO_DATE(tarehe_kuzaliwa) wakati safu hiyo tayari ni ya aina ya DATE. Anaona ni tahadhari. Mdogo wangu, hiyo ni hatari iliyovaa kanzu. TO_DATE inataka maandishi. Ukiipa tarehe, Oracle kwanza inaigeuza kimyakimya kuwa maandishi, kisha inaigeuza tena kuwa tarehe. Kama mpangilio wa muunganisho ni DD-MON-RR, ambao ndio wa kawaida kwa usakinishaji wa Kimarekani, basi katika ile hatua ya katikati saa na dakika zinamwagika, na mwaka unabaki na tarakimu mbili. Mzee aliyezaliwa tarehe 15 Juni 1945 anaingia na 1945, anakuwa 45, na anatoka na 2045. Mfumo wa pensheni utamwona hajazaliwa. Wapo wanaoitumia TO_DATE hivyo makusudi kwa kuwa wameona inaondoa saa. Wanachokitaka hasa ni TRUNC.

Na hizo tarakimu mbili za mwaka, kwa nini bado mnazo? Kila hifadhidata ina mpaka wake wa kukisia karne. RR ya Oracle kwa sasa huipa 00 hadi 49 miaka ya elfu mbili, na 50 hadi 99 miaka ya elfu moja mia tisa. SQL Server kwa kawaida hukata palepale, 2049. MySQL hukata kwenye 69. Bibi wa mwaka “55” ana miaka yake ya uzee kwenye Oracle, na kwenye MySQL atazaliwa 2055. Siku mtakapohamisha data kutoka moja kwenda nyingine mtaelewana na bibi huyo.

Sasa, wapo wajanja wanaosema: dada, kama aina ya tarehe ina vituko hivi, si bora tuweke kila kitu kama maandishi, VARCHAR, tuandike tunavyotaka? Hapana, na hapana tena. Maandishi hulinganishwa herufi kwa herufi. Ukiomba malipo ya mwisho ya mwanachama kwa MAX, '31/01/2019' inaishinda '28/02/2025' kwa sababu 3 ni kubwa kuliko 2, na habari imeishia hapo. Mwanachama aliyelipa juzi anaandikiwa barua ya deni la miaka sita. Halafu ndani ya safu hiyo mtakuta “hajui”, mtakuta “mwezi wa nne”, mtakuta 30/02. Siku mtakapoilinganisha na tarehe halisi, SQL Server na Oracle wataamua kwamba tarehe ndiyo mkubwa na maandishi ndiyo ya kugeuzwa, kwa hiyo watageuza safu nzima, mstari mmoja baada ya mwingine. Indeksi mliyoijenga kwenye safu hiyo inabaki pambo. Na mstari mmoja wa “hajui” unaiangusha kweri yote, tena si kila mara: inategemea kama hifadhidata imeufikia mstari huo kabla au baada ya kuchuja kwa masharti mengine. Hivyo ndivyo unavyopata kosa linalotokea Jumatatu na kupotea Jumanne. Mkirithi jedwali la namna hiyo kwenye SQL Server, TRY_CONVERT itawapa NULL badala ya kuanguka, na mtajua mistari ya kufuatilia.

SQLite ni habari nyingine, maana haina kabisa aina ya tarehe, na ndiyo iliyomo ndani ya programu nyingi za simu. Huko huna budi kuweka maandishi au namba. Weka mwaka mbele, kisha mwezi, kisha siku, kwa tarakimu kamili na sifuri zake, na mpangilio wa herufi utafanana na mpangilio wa siku. Hadithi imeisha.

Nisionekane nachukia ugeuzaji wa kimyakimya wote. PostgreSQL ikikutana na '2025-03-05' karibu na safu ya tarehe, ikaisoma kuwa tarehe, hakuna aliyedhurika. Watengenezaji wake wenyewe walijirekebisha: toleo la 8.3 la mwaka 2008 liliondoa tabia ya kugeuza aina nyingine kuwa maandishi kiholela, watu wakalalamika sana kwa kuwa kweri zao zilikatika, na nyingi ya hizo zilikuwa zimekosea tangu mwanzo bila wenyewe kujua. MySQL ilichukua njia ndefu zaidi. Kwa miaka ilikuwa inapokea tarehe isiyokuwepo na kuhifadhi 0000-00-00 na onyo ambalo hakuna anayelisoma. Ukali uliwekwa kuwa kawaida kwenye toleo la 5.7. Hadi leo, ukiipa '10:11:12' mahali pa tarehe, haikuulizi kama ulimaanisha saa. Inakupa tarehe 12 Novemba 2010.

Kuna ugeuzaji mwingine wa kimyakimya ambao hauna makosa ya mpangilio na bado unawaumiza wahasibu kila mwisho wa mwezi. Mtu anaomba mauzo kati ya '2025-03-01' na '2025-03-31' kwa BETWEEN. Safu ina tarehe na saa. Hifadhidata inaigeuza ile '2025-03-31' iwe na saa pia, na saa inayoipa ni usiku wa manane, mwanzo kabisa wa siku. Mauzo yote ya tarehe 31 baada ya hapo yako nje. Mjanja anaongeza 23:59:59.999. Kwenye datetime ya SQL Server sekunde hukatwa vipande 300, haiwezi kuhifadhi 999, kwa hiyo inaisogeza kwenye kipande cha jirani, nacho ni saa sita kamili usiku wa tarehe mosi Aprili. Muamala ulioandikwa kwa saa hiyo hasa, kama mingi inavyoingizwa na kazi za usiku, unahesabiwa Machi na unahesabiwa Aprili. Andikeni kubwa au sawa na tarehe mosi Machi, ndogo kuliko tarehe mosi Aprili. Inafanya kazi kwa aina zote, Februari fupi au ndefu, na indeksi inatumika kwa sababu hamkuigusa safu.

Wenye seva za kukodi nje, hili ni lenu. Mara nyingi seva hizo zinakwenda kwa UTC, na sisi wa Dar, Nairobi na Kampala tuko saa tatu mbele. Muamala wa kuanzia saa sita usiku hadi saa tisa usiku, kwa seva bado ni jana. Kituo cha mafuta, mabasi ya usiku, kumbi za muziki: fedha zote za saa hizo tatu zinaangukia siku isiyo yake pale mnapogeuza wakati kuwa tarehe bila kutaja ni tarehe ya wapi. PostgreSQL ina aina ya timestamptz, inayohifadhi kwa UTC na kuonyesha kwa ukanda wa saa wa muunganisho. Nzuri sana, lakini ukiikata iwe tarehe, inakatwa kwa ukanda wa muunganisho huohuo. Ndiyo maana inakukatalia ukijaribu kujenga indeksi juu ya mkato huo: inajua jibu linabadilika na anayeuliza. Sema AT TIME ZONE 'Africa/Nairobi' kwanza, kisha ukate. Mkiwa na matawi Kigali na Bujumbura, kumbukeni wao wako saa moja nyuma yenu, na kikao cha kuamua “siku ya biashara” inafungwa kwa saa ya wapi kifanywe na mameneja kwenye meza, si na seva. Wa MySQL, TIMESTAMP hubadilika na ukanda, DATETIME haibadiliki, msizichanganye ndani ya jedwali moja mkategemea zikubaliane.

Nisisahau Excel, kwa sababu faili zenu nyingi hupitia huko kabla ya kufika kwenye hifadhidata. Inageuza tarehe wakati wa kufungua tu, hujagusa kitu. Wanasayansi wa jeni wamehangaika nayo miaka, maana jeni iliyoitwa SEPT2 ilikuwa inageuka kuwa tarehe 2 Septemba kwenye karatasi zao. Mwaka 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu iliona afadhali ibadilishe majina yenyewe. SEPT ikawa SEPTIN, MARCH ikawa MARCHF. Nyinyi hamna kamati. Faili ya CSV iingizeni moja kwa moja kwenye jedwali la muda lenye safu za maandishi matupu, kisha mgeuze wenyewe kwa mpangilio mliotaja.

Barua ya mwisho imetoka Unguja, kwa dada anayesaidia zahanati. Safu ya miadi ni maandishi, wapokezi wameandika 2:00, 8:30, 14:00, na sasa wanataka kutuma ujumbe wa kukumbusha wagonjwa, kwa hiyo amegeuza safu iwe TIME. Wagonjwa wa saa mbili asubuhi wamepelekewa ujumbe waje saa nane usiku. Anauliza kama kuna namba ya mpangilio, kama ile 103, kwa ajili ya saa zetu.

Haipo, shoga yangu, na hakuna kampuni itakayokuandikia. Kanuni uiandike mwenyewe. Ukiwa na saa pamoja na wakati wa siku, asubuhi na mchana unaongeza sita, isipokuwa saa kumi na mbili asubuhi ambayo ni 6:00. Usiku na alfajiri unaongeza kumi na nane, na ikifika 24 au kuzidi unatoa 24. Jioni ndiyo yenye mtego: saa kumi, kumi na moja na kumi na mbili jioni ni za kuongeza sita, lakini saa moja jioni, kwa wanaosema hivyo, ni ya kumi na nane. Iweke hii kwenye fanksheni moja, na fomu mpya imlazimishe mpokezi kuchagua wakati wa siku, huku saa ya pili, ya namba 24, ikimtokea pembeni aithibitishe.

Mistari ya zamani haina wakati wa siku, lakini zahanati ina saa zake za kazi, unasema ni saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Tumia hilo. Iliyozidi 12, kama 14:00, ni ya namba 24, iache. 6:00 na 7:00 ni saa sita na saa saba mchana, kwa kuwa kwa hesabu ya kizungu mngekuwa hamjafungua. 1:00 na 12:00 ni kinyume chake: mpokezi huyo alikuwa anasoma saa ya kizungu, maana saa moja asubuhi bado mmefunga na saa kumi na mbili jioni mmeshafunga. Zilizobaki, 2:00 hadi 5:00 na 8:00 hadi 11:00, zinaangukia ndani ya saa za kazi kwa hesabu zote mbili. Kama daftari lina jina la mpokezi wa zamu na unajua mazoea yake, utapunguza nyingi. Ambazo hata hivyo hazijulikani ziwekee NULL, zitoe kwenye orodha ya ujumbe, na wagonjwa hao wapigieni simu.